Oili Nyekundu na Mtani Msema Kweli

Jumatatu, 12 Agosti

Likizo imeanza. Wiki mbili bila masijala ya manispaa, bila vumbi la mafaili. Vumbi la Agosti linatosha.

Mke wangu, BanaKasuba, amenipa kazi moja. Moja tu! Nipeleke gari kwa fundi wa sokoni abadilishe oili, akague na maji ya rejeta. Jumamosi ni matebeto ya binti yetu Kasuba. Akina mama wa upande wetu watapika vyakula vyote vya kwetu, watavifunga kwa vitenge na kuvipeleka kwa nyimbo hadi mtaa wa Chelston kwa wazazi wa bwana harusi, ili mkwe aone atakachokula maisha yake yote. Vyungu kumi na vinne. Na visifike vimepoa! Chakula kikipoa njiani, upande wa pili huanza kunong'ona kwamba na bibi harusi atapoa. Vyungu vitapanda gari letu.

Nimemjibu kwamba gari litashikwa na fundi anayejali. Sikumtaja jina. Huo si uongo, ni ufupi wa maneno.

Kwa fundi wa sokoni sirudi. Mara ya mwisho aliniambia kaa kwenye benchi, mzee, usije ukachafuka. Mzee! Miaka arobaini na tisa! Kisha akamgeukia mke wangu akamuuliza yeye gari linasumbua nini.

Nimetazama video ya kubadilisha oili mara kumi na moja. Fundi wa kwenye video ana mikono misafi kuliko daktari wa meno. Anafungua nati, oili inatoka, anafunga nati, anatabasamu. Dakika nane. Mimi nimejipa siku mbili, kwa heshima ya jambo lenyewe.

Jirani yangu Jere aliniona nimeinama natazama uvungu wa gari. Akaning'iniza kichwa juu ya ua akauliza kama nimepoteza nyani wangu wa chakula cha mchana. Jere ni Mngoni wa Chipata, mimi ni Mbemba wa Kasama; wao hutuita wala nyani, sisi tunawaita wala panya. Ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana. Ana haki ya kunitukana bure, nami ninayo ya kumrudishia. Nikamwambia asogee kidogo, upepo unaniletea harufu ya panya wa kukaanga. Akafurahi sana. Akasema gari likinishinda nisione haya, kipikapu chake kipo, na yeye mwenyewe atavaa ngozi za babu yake aingie Chelston akirukaruka mbele ya vyungu vya Wabemba.

BanaKasuba alikuwa anaanika nguo, akasikia. Akasema ahsante Ba Jere, nimekushika kwa maneno yako. Gari la huyu lisipotembea Jumamosi, vyungu vinapanda kwako.

Kipikapu kile! Wiki iliyopita kilibeba mbuzi! Matebeto ya Kibemba yaingie kwa wakwe juu ya mgongo wa Mngoni! Wajukuu wake wangeliimba jambo hilo mpaka kiyama.

Haitatokea.

Jumanne, 13 Agosti

Nimenunua oili lita nne, filta moja, spana moja. Muuza duka akauliza fundi wangu anataka oili namba ngapi. Nikasema fundi ni mimi. Akavitazama viatu vyangu kwa muda, akanipa kitambaa cha kufutia, bure.

Kitabu cha gari kimo ndani ya dashibodi tangu litoke Japani. Kijapani mwanzo mpaka mwisho. Nimesoma picha. Ukurasa wa themanini na nne: gari, mshale, tone. Mshale unaelekea chini. Nimeelewa.

Jeki nimeazima kwa Jere, maana mtaani hakuna mwingine mwenye jeki ya maana. Alinikabidhi huku akiniambia nisithubutu kuingia uvunguni kabla sijaweka magogo, jeki ikiteleza nitakuwa chapati. Nilicheka sana. Baadaye niliweka magogo, lakini si kwa sababu ya Jere. Ni kwa sababu ya video.

Niandike hapa kwa nini maneno ya Jere nayapa alama sifuri. Pasaka aliniambia idara ya maji inapita nyumba hadi nyumba kukagua matangi, na tangi chafu linakatiwa bomba. Nikamwaga maji yote. Nikalisugua tangi siku mbili kwa mchanga. Nikavaa tai, nikakaa kibarazani na daftari kuwasubiri wakaguzi. Wiki hiyo maji yalikatika mtaa mzima, na tangi langu likawa kavu kama ubuyu wa dukani. Tukaoga kwa kikombe. Mkaguzi hakuja mpaka leo.

Tena siku ya kumzika baba, Jere aliingia kaburini, akalala chali, akagoma kutoka. Akaapa mbele ya mchungaji kwamba marehemu alimpa yeye nafasi ile. Tukampa jogoo mweupe, akatoka, akajikung'uta, akaenda kulia pamoja nasi.

Huo ndio utani. Kukasirika huruhusiwi. Lakini kuamini pia hulazimishwi.

Jumatano, 14 Agosti

Siku yenyewe!

BanaKasuba alitoka asubuhi kutafuta samaki wakavu. Saa tatu kamili nilikuwa uvunguni. Tatizo dogo: nati ziko mbili. Kwenye video ilikuwa moja. Ya kwanza iko karibu na filta, imeganda oili na udongo, spana haikai. Ya pili ni safi, inang'aa, inafikika. Mtu mwenye akili huanza na nati iliyo safi.

Ikafunguka kwa utii. Oili ikashuka kwenye beseni la bati.

Nyekundu!

Nyekundu safi, hata mtu angeweza kuchovya mkate. Miaka sita fundi wa sokoni ananionyesha oili nyeusi kama lami na kusema tazama, mzee, ilikuwa inaua injini. Kumbe ana kopo lake la oili nyeusi anawaonyesha wateja wote! Nimegundua wizi nikiwa nimelala chali. Ningekuwa na kalamu uvunguni ningeandika barua hapohapo.

Jere akachungulia juu ya ua. Akapiga kelele: we mtani, funga hiyo nati! Hiyo ni oili ya giaboksi, siyo ya injini! Nilicheka mpaka nikagonga paji la uso kwenye chuma. Nikamwambia babu zake walivuka Zambezi jua likiwa limepatwa, hawakuona wanakokwenda, na mpaka leo ukoo mzima hauoni vizuri. Kwa kawaida neno hilo humpa raha siku nzima. Leo hakucheka. Akarudia: giaboksi, mtani. Gia. Boksi.

Zikatoka lita tatu hivi. Nikafunga nati.

Filta ilikataa kuzunguka. Nikaizungushia mkanda wa suruali. Mkanda ukakatika, filta ikakubali. Kwenye filta kukatoka kitu cheusi, kiasi cha kikombe. Uchafu wa filta. Ndiyo kazi yake, kushika uchafu. Nikafunga mpya.

Halafu nikamimina oili mpya ya injini, lita zote nne, tone la mwisho nikaligonga kwa kiganja.

Jere alikuwa ameshapanda juu ya kreti ya soda ili aone vizuri. Akasema sasa umeweka oili juu ya oili, ya zamani bado imo humohumo, pima kijiti basi uone kwa macho yako. Nikapima, kwa adabu tu. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa kidole kimoja na nusu. Nikamwonyesha. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikamwambia kwetu Kasama sahani ya mgeni hujazwa mpaka imwagike, sijui kwenu.

Lazima nikiri: leo aliigiza vizuri kuliko siku zote. Alitoa hata jasho.

Baada ya robo saa akaja mkewe kwa geti. Mama Namakau ni Mlozi wa Mongu. Walozi watani wao ni Watonga. Kwetu sisi ni watu wa heshima tu. Akapiga goti kidogo, akapiga makofi ya salamu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba BashiKasuba, leo mume wangu hakutanii. Amenituma mimi kwa kuwa yeye humwamini.

Nikasimama pale nikistaajabu. Ametafuta shahidi asiye mtani! Amemvalisha mkewe kitenge kizuri na kumfundisha maneno! Katika maisha yangu sijaona utani ulioandaliwa kwa gharama kama huu. Nilimshukuru Mama Namakau, nikampa karanga za kuchemsha, nikamwambia ampelekee mumewe salamu na pongezi.

Aliondoka akitikisa kichwa. Naye anajua kuigiza.

Alhamisi, 15 Agosti

Safari ya majaribio. Kuzunguka mtaa mara moja.

Liliwaka! Moshi ulikuwepo. Ulikuwa mwingi. Ulikuwa mweupe wenye ubluu ndani yake, ukatanda mpaka kwa wale Wasabato wa kona, wakafunga madirisha. Hiyo ni oili mpya kujitambulisha.

Gari lilitembea. Si mara moja. Nikiweka gia, lilitafakari kwanza, kama karani aliyeulizwa faili la zamani, ndipo likaondoka. Kwenye kile kipande kinachopanda kidogo kuelekea kanisani injini ilipiga kelele nyingi na gari likaenda kidogo. Kelele mbele, mwendo nyuma. Nalielewa. Mimi nikiwa kwenye viatu vipya ni hivyohivyo.

Kwa kuwa mkono umeshazoea, nikaamua kumaliza na maji ya rejeta. Video inasema subiri injini ipoe. Nilisubiri kiasi cha kusoma sala fupi. Nikafungua kifuniko.

Shati langu la kazi sasa ni la kijani, rangi ya maji ya rejeta, kuanzia kola hadi mfuko wa kalamu. Uso uko salama, nilikuwa nimegeuka kumjibu Jere. Alikuwa anasema usifungue.

Nikajaza maji ya bomba. Maji ni maji.

Jioni Jere alikuja mwenyewe mpaka kibarazani. Hakukaa. Akasema mtani, sikiliza, sicheki, nitazame usoni. Gari hili halifiki Chelston. Naapa kwa kaburi la baba yangu.

Nikamwuliza ni kaburi lipi, lile la baba yake au lile la baba yangu alilogoma kutoka.

Akatoa pumzi ndefu. Akasema basi, mimi nimesema, akaondoka zake. Dakika chache baadaye nikamsikia anaosha kipikapu kwa sabuni ya unga, mpaka magurudumu. Gharama zote hizo kwa ajili ya mzaha! Hawa watu wakianza jambo hawaachi njiani.

Ijumaa, 16 Agosti

Nyumba imejaa wanawake. Kuku wa kienyeji, viwavi, uwele, samaki, mboga za karanga. Mwenye amri ni kungwi wa Kasuba, Bibi Malama, aliyezaliwa Kaputa kule karibu na ziwa. Amezoza na kila sufuria nyumbani kwangu na zote zimenywea.

Saa nne lilitokea jambo.

Ile oili nyekundu sikuitupa. Niliifunika ndani ya beseni nyuma ya jiko, nipake nguzo za ua kwa ajili ya mchwa. Bibi Malama alipita kutafuta kuni, akafunua. Nikasikia kigelegele. Eti: mawese! Mawese ya kwetu! Nani amenikumbuka jamani, BashiKasuba ana moyo kumbe! Akabeba beseni mwenyewe, akaliingiza jikoni, akaliweka pembeni ya kikaango cha samaki.

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu shule. Nilimkuta amechovya kidole na kidole kimo mdomoni.

Miiko ikasimama hewani jiko zima.

Akatema kwenye majivu. Akatafakari. Akasema mawese haya yamekaa karibu na kitu. Nikasema ni kweli, Bibi, yamekaa karibu na gari. Nikalichukua beseni na kurudi nalo kinyumenyume, kama mtu anayeaga kwa chifu.

BanaKasuba akanifuata mpaka nje. Akauliza hii ni oili ya wapi. Nikasema ya gari, nimeshaibadilisha. Nani amebadilisha? Fundi anayejali. Akanitazama shati, nikakumbuka nimevaa lile la kijani. Akatazama gari, akanitazama tena. Nilitaka kumwambia yote, hapohapo, mchana kweupe. Lakini alikuwa ameshika kuku wawili kwa miguu na macho yake yalikuwa yamechoka. Akasema neno moja tu: je, litafika?

Nikasema litafika kuliko jipya.

Kasuba mwenyewe hatoki chumbani siku hizi, ndiyo desturi. Alipenyeza sauti kwenye ufa wa mlango: Tata, gari liko sawa? Nikamwambia mwanangu, lala.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimeandika haya yote nikiwa ndani ya gari. Nina nafasi ya kutosha.

Tuliondoka saa tano. Vyungu kumi na vinne, vingine kwenye buti, vingine kwenye kiti cha nyuma, kimoja mapajani mwa Bibi Malama. BanaKasuba mbele, kitenge kipya. Akina mama wengine nyuma yetu kwenye basi dogo la kukodi, ngoma juu, vigelegele. Nilivaa suti. Gari likatafakari, likaondoka. Moshi ukafunika basi zima na nyimbo zikageuka kikohozi, lakini tulikwenda!

Kilomita ya tatu injini ilianza kulalamika. Ya tano, gari likapunguza lenyewe. Kabla ya ule mzunguko mkubwa kuna kilima ambacho hata si kilima, ni barabara iliyokunja nyusi. Hapo nikakanyaga mafuta. Injini ikanguruma kama simba. Gari likasimama kama ng'ombe.

Nikakanyaga zaidi. Simba akazidi. Ng'ombe akabaki palepale.

Bibi Malama akauliza kwa upole kama tumefika.

BanaKasuba alikuwa amekumbatia chungu cha mboga, akikishikashika ubavuni kuona kama bado kina moto. Basi dogo likasimama nyuma. Nyimbo zikanyamaza, moja moja. Dereva wa basi akasema hana hata nafasi ya kijiko. Jua linapanda. Upepo wa Agosti ule unaopoza kila kitu. Nikawaza binti yangu yuko nyumbani, amefunikwa kitenge, amekaa juu ya mkeka, anasubiri simu ya kuambiwa kwamba chakula chake kimepokelewa.

Nikafungua boneti. Nikaitazama injini. Injini ikanitazama.

Mara nyuma ya basi, honi. Kipikapu. Safi! Kimefutwa mpaka kioo, kimetandikwa mkeka mpya, pembeni kamba za kuzuia vyungu. Jere akashuka, kichwani manyoya, kiunoni ngozi, mkononi rungu la babu yake, miguuni raba za mazoezi. Alikuwa ametufuata kutoka nyumbani, taratibu. Nikajiandaa kwa matusi. Nilistahili matusi ya mwaka mzima. Akapita bila hata kunitazama, akamwambia mke wangu, leteni vyungu, BanaKasuba, vizito kwanza.

Dakika sita, vyungu kumi na vinne. Bibi Malama alipanda mbele kama malkia. Jere akaniambia, wewe mtani kaa na gari lako, lisije likajisikia mpweke. Wakaondoka.

Nilibaki na suti.

Yaliyofuata nimepewa kwa simu na BanaKasuba. Walifika wamechelewa nusu saa. Shangazi wa bwana harusi alisimama getini mikono kiunoni, akasema chakula cha wanaochelewa hakiingii. Akina mama wakaanza kubembeleza kwa nyimbo, wapi! Ndipo Jere akaruka katikati. Akacheza ingoma, ngoma ya vita ya Kingoni, mpaka vumbi likafunika geti. Akatangaza kwamba Wabemba hawajui barabara, wamezoea matawi, kwa hiyo yeye Mngoni amewaokota njiani wakilia, na shangazi akifungua geti ataona kwamba hawaumi. Shangazi akacheka mpaka akashikilia nguzo. Geti likafunguka. Chungu cha kwanza kilipofunuliwa kilitoa mvuke.

Mvuke! Nilimwuliza mara mbili. Ulikuwa mvuke wa kweli.

Simu iliyofuata alipigiwa Kasuba. Mimi nilikula karanga.

Jumapili, 18 Agosti

Fundi wa sokoni alikuja baada ya ibada. Aliniletea kibenchi. Alikileta kutoka kwake, kwa makusudi.

Akalala uvunguni, akafungua ile nati chafu. Ikatoka oili nyeusi na oili mpya vikiwa vimeoana, karibu lita nane. Akaiita mitaa yote ije kuona. Akasema injini imepona kwa bahati tu, mzee, na giaboksi limeteseka lakini halijafa. Akajaza oili nyekundu mpya. Akabadilisha na maji yangu ya bomba. Akamweleza kila kitu mke wangu.

Funguo za gari sasa zinalala kwenye fundo la kitenge cha BanaKasuba. Hakufoka. Alisema tu kwamba arusi ni baada ya wiki tatu, na gari hilo ndilo litakalompeleka Kasuba kanisani, na yeye anaomba, anaomba, nilipende kwa mbali.

Jioni nilimshtaki Jere kwa Bibi Malama. Kesi yangu ilikuwa wazi. Mtani hana ruhusa ya kusema kweli ghafla, bila kutoa taarifa. Miaka kumi na moja ananidanganya, nimezoea, nimejipanga, halafu siku moja anasema kweli mara tatu mfululizo na hata kutuma mke! Huo ni uvunjaji wa desturi. Jere alicheka hata akakaa chini kwenye mchanga. Alijitetea kwamba alijaribu kukunja uso, alijaribu kuapa, alibakiza kuleta polisi.

Bibi Malama akatoa hukumu. Jogoo mmoja, kutoka kwangu kwenda kwa Jere. Na ndimi ziheshimiwe: kuanzia leo jirani akisema, nimsikilize.

Nimelitafakari neno hilo kitandani. Ni neno zito. Ni hekima.

Jumatatu, 19 Agosti

Mimi ni mtu mpya.

Asubuhi nilimwita Jere uani mbele ya mkewe, nikampa jogoo, nikatamka rasmi: mtani wangu, kuanzia leo nitaamini kila utakaloniambia. Kila neno. Jere akaniuliza, kila neno? Nikasema kila neno. Akampa Mama Namakau yule jogoo amshike, akajifunika uso kwa viganja. Nadhani neno langu lilimgusa.

Nikamweleza kwamba BanaKasuba anasema gari likibadili gia bado linashtuka kidogo, dugu! Ningependa lipone kabla ya arusi. Yeye ana ushauri gani?

Akafikiri. Akatazama mbingu. Akasema kwao Chipata giaboksi lililopata mshtuko halihitaji oili, mtani, oili limeshaichoka. Linataka bamia. Bamia laini, zichemshwe na magadi mpaka ziwe mlenda wa kuvutika, zichujwe mbegu, zimiminwe vuguvugu. Gia zitateleza zenyewe kama nsima, ugali wao, ikienda kooni. Na kwa nini ananifunulia siri hiyo? Akasema kwa sababu mimi ni ndugu yake.

Mama Namakau akashikwa na kikohozi, akaingia ndani na jogoo. Mabega yalikuwa yanamtetemeka. Vumbi hili la Agosti si zuri kwa kifua cha Walozi.

Zamani ningecheka! Zamani ningemwambia habari za panya! Lakini nimekwishajifunza, na kujifunza kwenyewe kumenigharimu aibu. Mtu aliyesema kweli mara tatu, ya nne nimbishie kwa lipi?

Funguo sizihitaji, boneti linafunguka kwa kamba. Magogo nimeweka. Nati safari hii siikosei, ni ile safi inayong'aa, sasa naijua kama jina langu. Oili nyekundu ya fundi imeshashuka yote kwenye beseni. BanaKasuba yuko kwa mshona nguo mpaka saa nane.

Kilo mbili za bamia ziko motoni. Nimechovya kijiti sasa hivi.

Zinavutika vizuri sana.